Kodi ya Miezi Sita Ndiyo Inayowalaza Watu Nje

Ofisi ya serikali ya mtaa ninayoizungumzia iko wilayani Temeke. Ina meza moja, benchi moja na dirisha lisilo na kioo. Nilikwenda asubuhi kuomba barua ya utambulisho, nikakuta mbele yangu mama mmoja muuza vitumbua, mtoto mgongoni, na pembeni yake mzee mwenye nyumba wake, kofia ameishika mkononi. Usiku uliopita mzee alikuwa amepachika kufuli lake juu ya kufuli la yule mama. Godoro, sufuria, unga, sare za shule za mtoto mkubwa, vyote vilikuwa ndani.

Nilidhani nitasikia habari ya deni. Hapakuwa na deni. Mama alikuwa amelipa miezi yake sita yote, 50,000 kwa mwezi, na miezi imekwisha juzi yake. Kwenye pindo la khanga alikuwa na 100,000, miezi miwili kamili, yuko tayari kuihesabu palepale mezani. Mzee alitaka 300,000.

"Mwanangu, mbilimbili siwezi kupokea," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Bati limetoboka na mama yenu yuko kliniki kila wiki. Hiyo elfu hamsini hamsini itaishia kwenye dagaa."

Mwenyekiti alifungua daftari lake la kaunta, akaandika majina na tarehe, kisha akaweka kalamu chini. Hakuwa na sheria ya kumwambia mzee kwamba hapo umekosea. Hakuwa na senti ya kumwambia mama shika hii, utarudisha kidogo kidogo. Alichokuwa nacho ni umri wake na heshima aliyojijengea mtaani. "Mzee wangu, nakuomba," akaanza.

Nimelibeba tukio lile kwa muda mrefu, kwa sababu kila tunapozungumzia makazi ya watu wa kipato cha chini Dar es Salaam mazungumzo hukimbilia kwenye maghorofa. Serikali ijenge, shirika lijenge, mwekezaji aje ajenge. Mimi naamini kinachowatoa watu wengi ndani ya vyumba vyao, au kuwazuia wasiingie kabisa, ni kodi ya mkupuo. Na ofisi pekee ya serikali inayoliona tatizo hilo ana kwa ana, kila asubuhi, ndiyo iliyonyang'anywa karibu kila chombo cha kulishughulikia.

Tufanye hesabu ambayo kila mpangaji ameshaifanya kichwani. Chumba kimoja Mbagala, Gongo la Mboto au Tandale, tuseme ni 60,000 kwa mwezi. Anayekitafuta hatakiwi kuwa na 60,000. Anatakiwa kuwa na 360,000 ya miezi sita, na 60,000 nyingine ya dalali, maana dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo ameshatoa hela ya kuonyeshwa vyumba, viwili vitatu ambavyo hakuvipenda au alikuta vimeshachukuliwa. Bado pikipiki ya kubebea vitu, kufuli jipya, balbu. Tayari yuko kwenye 450,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali kilikuwa 370,000, na Mei 2025 kilitangazwa kupanda hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Yaani mtu mwenye ajira ya kudumu serikalini, asile, asipande daladala, asitume nyumbani hata shilingi, mshahara wake wa mwezi mzima unaishia kwenye kuingia chumba kimoja chenye choo cha kuchangia. Mama wa vitumbua hana mshahara. Ana faida ya kila siku, na faida ya kila siku haikai ikafika laki tatu, kwa kuwa kila siku ina njaa yake.

Basi anazipata wapi? Wenye bahati wana kikoba, au zamu yao ya upatu inaangukia mwezi wenyewe. Wengine wanakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nimewahi kuulizia kwa majirani zangu watano waliochukua mikopo ile walichukulia nini. Watatu walinijibu kodi. Watu watano si utafiti, ila jibu lile lilinikaa. Mtu anakopa ili alipie miezi ambayo bado hajaiishi, halafu anaishi miezi hiyo akilipa riba badala ya kuweka akiba ya miezi sita inayokuja. Ikifika, anakopa tena.

Asiyekopesheka analala wapi? Hapa ndipo tunapokosea hesabu ya wasio na makazi. Tukisikia neno hilo tunawaza wale wanaoonekana: vijana wanaolala kwenye baraza za maduka Kariakoo baada ya saa nne usiku, juu ya maboksi, na wazee wanaoomba kwenye mataa. Hao wapo, na ni aibu yetu. Lakini wengi hawaonekani. Yuko kijana anayelala kwenye genge "kulinda mali", na ukweli ni kwamba genge ndilo chumba chake. Wako wanaoishi kwenye mapagale: mwenye kiwanja amesimamisha kuta zikafika usawa wa lenta, fedha zikakata, akamweka mtu amlindie, na yule mtu ameleta mke na watoto, wametundika turubai, wanapika kwenye chumba kisicho na paa. Yuko dada aliyeachika anayelala sebuleni kwa shangazi yake na watoto wawili, anaamka wa kwanza ili akunje mkeka kabla mwenye nyumba hajapita. Ukiwauliza unaishi wapi, wote watakutajia mtaa. Ukiwauliza una chumba, watanyamaza.

Kwa wale wanaoonekana, jibu la mamlaka limekuwa lilelile tangu enzi za mkoloni: waondoke mjini. Mwaka 1944 Waingereza walitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa", Mwafrika asiye na kazi akapakiwa kwenye lori na kurudishwa kijijini. Mwaka 1983 ilikuja Nguvu Kazi, kampeni ya serikali yetu wenyewe, na malori yakatembea tena. Mwaka 2016 mkoa wa Dar es Salaam ulitangaza operesheni ya kuwarudisha ombaomba kwao. Mara zote walirudi, kwa sababu kilichowaleta mjini kilikuwa bado kiko palepale.

Haimaanishi serikali haijawahi kufanya kitu kuhusu nyumba. Imefanya mengi, na inafaa tuyataje kwa haki. Mkoloni aliacha kota za wafanyakazi Ilala, Magomeni na Temeke. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa bado changa kabisa, likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likavunja vibanda vya udongo na kujenga nyumba za kudumu. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Miaka ya sabini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vyenye barabara na maji Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, vikusudiwe watu wa kipato cha chini. Nenda Sinza leo uone nani anamiliki. Kiwanja kizuri kwa bei ya huruma, mikononi mwa mtu asiye na fedha za kujengea, hakichukui muda kuhamia kwa mwenye fedha. Somo hilo tulilipata mapema, lakini mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, Bunju, Mwanagati, Buyuni, Kibada, Toangoma na kwingineko, ulikuwa bado unamtazama mtu mwenye uwezo wa kununua na kujenga. Mpangaji wa chumba kimoja hakuwa sehemu ya picha.

Katika karne hii mfano unaotajwa sana ni Magomeni Kota, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Kaya 644 zilihamishwa kwenye kota zile 2011, chini ya Manispaa ya Kinondoni, kupisha ujenzi mpya. Ujenzi haukuja. Watu wakatawanyika, wengine kwa ndugu, wengine kwenye vyumba vya kupanga mbali na mjini. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaahidi watajengewa na wataishi miaka mitano bila kulipa kodi. Nyumba zikajengwa na Wakala wa Majengo, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua. Ni nyumba nzuri. Nimepita pale jioni nikaona watoto wanacheza chini na nguo zimeanikwa kwenye vibaraza vya juu, nikafurahi kwa moyo mweupe. Familia zilizoahidiwa zilirudi, jambo ambalo halitokei mara nyingi katika miradi ya namna hii popote.

Lakini zilikaa nje zaidi ya miaka kumi. Na ni kaya 644. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni ongezeko la watu zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi ileile ambayo wale wa Magomeni walikuwa wanasubiri. Hata ukiwagawa wanne wanne kwa kila kaya, unazungumzia kaya robo milioni mpya. Hakuna manispaa wala shirika la umma hapa kwetu lenye uwezo wa kujenga kwa kasi hiyo, na majaribio makubwa yametuachia majengo ya kutazama. Kule Kigamboni, mradi wa Dege wa mfuko wa hifadhi ya jamii ulipangwa uwe na nyumba 7,460. Ulisimama 2016, na kwa miaka maghorofa yale yalibaki yametazama bahari bila madirisha. Shirika la Nyumba nalo likaanzisha mpango wake wa nyumba 5,000, zikaanza 560 za Kawe. Hizo ni za kuuza. Anayenunua nyumba Kawe hakuwa mteja wa chumba cha Tandale.

Waliojenga makazi halisi ya Dar es Salaam ni watu kama mzee yule mwenye kofia mkononi. Wameijenga kwa tofali mojamoja, chumba baada ya chumba: ile nyumba yetu ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo, bomba moja na foleni ya ndoo. Vyumba viwili anakaa yeye na familia, vinne anapangisha. Hana mkopo wa benki, hana bima, hana pensheni ya maana. Ile kodi ya mkupuo ndiyo benki yake, ndiyo bima yake, ndiyo pensheni yake. Ndiyo maana simwiti mnyonyaji, na ndiyo maana sera yoyote inayoanza kwa kumgombeza itashindwa.

Tuliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ile ya mwisho ilikuwa ya 1984, ikiwa na mabaraza yake ya nyumba ya kusikiliza ugomvi wa wapangaji na kuweka kiwango cha kodi. Ilifutwa 2005. Wapo wanaotaka irudi kama ilivyokuwa. Mimi sitaki, maana nakumbuka majengo ya katikati ya mji ya miaka ile: kodi ndogo isiyotosha kupaka rangi, lifti zimekufa, maji yanavuja ngazi hadi ngazi, na mpangaji rasmi amehamia kwingine na kumpangisha mtu wa tatu kwa bei ya soko. Kodi ikishikwa chini kwa nguvu, nyumba inaoza. Lakini sheria ile ilipofutwa ilifutwa na mlango wa kugonga. Wilayani lipo Baraza la Ardhi na Nyumba. Tatizo ni kwamba kesi ya elfu hamsini hamsini haiendi wilayani. Mama wa vitumbua akipoteza siku tatu kwenye benchi la baraza, amepoteza mtaji. Kata ina baraza lake, nalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha, haliamui. Kwa hiyo kesi zote zinamwagika mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenye mhuri na daftari.

Mawaziri wa ardhi wameahidi zaidi ya mara moja sheria mpya na chombo cha kusimamia sekta ya milki, na suala la kodi ya miezi sita limesemwa bungeni na majukwaani. Wanapolisema, makofi hupigwa. Mimi nawaomba wabunge wetu wasisubiri sheria kubwa ya kila kitu. Kifungu kimoja kinachosema hakuna mtu atakayedai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja au miwili kwa mpigo kwa nyumba ya makazi chini ya kiwango fulani, kinatosha kuanzia. Si jambo la kigeni. Shirika la Nyumba la Taifa lenyewe huwatoza wapangaji wake kwa mwezi. Nairobi na Mombasa mpangaji wa kawaida hulipa mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, kisha mwezi kwa mwezi, na wenye nyumba wa kule hawajafa njaa. Uganda walitunga sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji 2022, wakaweka ukomo wa kupandisha kodi kuwa asilimia 10 kwa mwaka. Tahadhari iko hukohuko Kenya: baraza lao la kodi linashughulikia nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichoachwa kikapitwa na bei za mjini mpaka vyumba vingi vikawa nje ya ulinzi wake. Tukiweka kiwango, tuweke na utaratibu wa kukipandisha.

Hata hivyo sheria peke yake haitaziba tundu la bati. Ukimkataza mzee kuchukua laki tatu kwa mpigo bila kumpa njia nyingine ya kupata laki tatu, atafanya moja kati ya mawili: atachukua kimyakimya na kuandika mkataba wa uongo, au atampangisha mtu mwingine mwenye nazo. Hapa ndipo ninapotaka halmashauri ziingie, na hapa ndipo unaposhangaa jinsi zilivyoachwa mikono mitupu.

Chukua kodi ya majengo. Katika nchi nyingi hiyo ndiyo kodi ya serikali za mitaa, kwa sababu halmashauri ndiyo inayozoa taka mbele ya jengo na kuchimba mtaro nyuma yake. Kwetu, 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda kuwa 1,500. Nani ananunua umeme kwenye nyumba ya kupanga? Mpangaji. Serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe. Nakumbuka jioni ya kwanza tulipokatwa, tulikuwa wapangaji wanne kwenye mita moja, tumesimama koridoni na karatasi ya tokeni tunajadili nani akamwambie mama mwenye nyumba. Hakwenda mtu. Mia mbili na hamsini kwa kila mmoja si fedha ya kugombana na mwenye funguo. Kwa hiyo kodi ya mwenye jengo inalipwa na asiye na jengo, na fedha haianzii kwenye halmashauri inayopaswa kumhudumia.

Kipo chombo kimoja kilichobaki, na nashangaa hakijatazamwa kwa jicho hili. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya udhaifu mwingi kuonekana, vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ni ya biashara. Kikundi kinaandika andiko, kinakopeshwa cherehani au bajaji. Sasa nauliza: mama wa vitumbua aliyefungiwa nje, unga na kikaango viko ndani, ana biashara gani hapo? Chumba ndicho karakana yake, ndiyo stoo yake. Kumlinda asitolewe chumbani ni kuilinda biashara uliyomkopesha.

Pendekezo langu ni la namna hii. Sehemu ya fungu lile, au fungu jingine litakaloanzishwa kwa azimio la madiwani na kukubaliwa na TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, iwe mfuko wa kodi. Mpangaji na mwenye nyumba wanafika mtaani na mkataba wa ukurasa mmoja, wa aina moja kwa manispaa nzima. Mfuko unamlipa mwenye nyumba miezi yake sita kwa mpigo, moja kwa moja kwenye simu au akaunti yake. Mpangaji hashiki hata noti. Kisha mpangaji anaurudishia mfuko kila mwezi, au kila wiki kama biashara yake ni ya kila siku, kwa namba ya malipo ya serikali kama tunavyolipa vitu vingine vyote. Mzee anapata bati lake. Mama analipa kadiri anavyopata. Ugomvi wao haukuwa juu ya kiasi, kwani wote wawili walikubali kwamba chumba ni 50,000. Waligombana juu ya lini.

Shilingi bilioni moja, kwa 300,000 kila mmoja, inawahudumia watu 3,333 kwa nusu mwaka, na ikirudi inawahudumia tena. Najua haitarudi yote. Tuseme mmoja kati ya kumi ashindwe kabisa: umepoteza milioni 100, umewaweka ndani watu 3,000. Pima na gharama ya ghorofa moja. Wasiwasi wa kweli uko kwenye usimamizi, kwa sababu palipo na fedha ya halmashauri na orodha ya majina, majina hewa hayako mbali. Lakini chumba ni kigumu kukighushi kuliko kikundi. Kina mlango, kina jirani, kina mwenyekiti anayekipita akienda msikitini au kanisani. Daftari la wakazi lipo tayari kila mtaa, linaandikwa kila siku kwa ajili ya barua, vitambulisho na uchaguzi. Halijawahi kutumika kujua kitu kimoja muhimu: nani amepanga, kwa kiasi gani, na muda wake unaisha lini. Orodha hiyo ya safuwima tatu ingetuonyesha kodi za Manzese zinakwendaje mwaka hadi mwaka, kabla mtu hajatolewa vyombo nje.

Halmashauri pia zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Haziwezi kupanga bei ya vyumba, lakini sioni kwa nini zisiweze kuzuia kufuli la pili. Kumfungia mtu nje usiku, na dawa zake na chakula cha mwanawe kikiwa ndani, bila notisi iliyopita mtaani, ni jambo la usalama na afya ya jamii kama lilivyo kutupa taka ovyo, na kwa taka tunatoza faini.

Na wale wa Kariakoo, wa maboksi? Mfuko wa kodi hauwafikii kesho. Kijana aliyelala nje miaka mitatu anahitaji kwanza mahali pa kuoga, kitambulisho, na mtu wa ustawi wa jamii anayemjua kwa jina. Ila nimeongea na wachache wao nikisubiri basi la alfajiri, na hadithi zao nyingi zina chumba ndani yake. Walikuwa nacho. Mmoja alikuwa mbeba mizigo, akaumia mguu, kodi ikaisha akiwa amelala. Wenzake watatu waliokuwa wanachangia chumba wakatafuta wa nne mwingine. Miezi miwili tu, aliniambia, ningepata miezi miwili tu ningekuwa nimepona.

Mambo yakimwagika zaidi, kama kwa mafuriko au kubomolewa, mpangaji ndiye hupotea kabisa kwenye karatasi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa Mabwepande na kupewa viwanja. Kiwanja kinamfaa aliyepoteza nyumba. Aliyepoteza chumba cha kupanga, na kazi yake iko Kariakoo, Mabwepande angeifuata kwa nauli gani? Fidia zetu humtafuta mwenye jengo kwa sababu ndiye aliyeandikwa. Daftari lenye safuwima ya wapangaji lingesaidia na hapo.

Yule mama na mzee wake walikaa pale ofisini mpaka karibu saa tano. Mwenyekiti alibembeleza mpaka mzee akashuka kwenye miezi mitatu. Mama alikuwa na ya miwili. Akatoka nje, akampigia mtu simu, akaongea kwa sauti ya chini huku anazunguka mwembe. Baada ya nusu saa kijana wa pikipiki alikuja na elfu hamsini, na karatasi ya kuweka dole gumba. Mama akaweka. Mzee akahesabu 150,000, akafungua kufuli lake na kuliweka mfukoni, na mwenyekiti akaandika kwenye daftari: wamepatana.